Nyamwaga Inamhitaji Mkutubi wa Sheria

Mwezi wa nane nilikuwa Nyamwaga kwa msiba. Baada ya mazishi, watu wakiwa wamekaa chini ya turubai wakisubiri chakula, mzee mmoja aliyekuwa amesikia kwamba ninafundisha chuo kikuu alivuta kiti akakaa karibu nami. Alikuwa na bahasha ya kaki iliyolainika kwa kushikwashikwa. Hakuanza na siasa wala bei ya mahindi. Alinikabidhi bahasha akasema: “Mwalimu, wewe umesoma. Zisome karatasi hizi uniambie kosa langu ni lipi.”

Ndani mlikuwa na fotokopi ya Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002, kwa Kiingereza, na pembezoni mjukuu wake alikuwa ameandika tafsiri kwa kalamu nyekundu. Kifungu cha 15 kilikuwa kimezungushiwa duara: baraza la kata lina mamlaka ya kusikiliza shauri la ardhi ambalo thamani yake haizidi shilingi milioni tatu. Kwa kukitegemea kifungu hicho, mwaka 2022 mzee alimpeleka jirani yake mbele ya baraza la kata moja ambalo sina haja ya kulitaja. Wajumbe walisikiliza, wakaenda kuuona mpaka, wakampa ushindi. Jirani akakata rufaa. Huko juu hakuna aliyeuliza mpaka uko wapi. Mwenendo mzima ulifutwa kwa sababu moja tu: tangu marekebisho ya mwaka 2021, baraza la kata halina tena mamlaka ya kuamua shauri la ardhi. Kazi yake ni kusuluhisha, na usuluhishi usipofanikiwa ndani ya siku 30, mhusika anakwenda kufungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Mzee akaambiwa aanze upya. Alikuwa amekwisha uza ng’ombe wawili, na jirani alikuwa amekwisha panda.

Nilimwambia, kwa lugha ambayo sasa najutia ukali wake, kwamba karatasi yake ilikufa kabla kesi yake haijazaliwa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: “Na aliyeniuzia karatasi alijua kwamba imekufa?”

Aliyemuuzia ni kijana wa duka la steshenari mjini, mwenye mashine ya fotokopi na kompyuta moja. Hakujua, wala hakupaswa kujua. Wajumbe wa baraza hawakujua, ingawa wao walipaswa. Swali la mzee ndilo lililonifanya niandike makala haya, maana ukilifuata hadi mwisho unakuta kwamba katika nchi yetu, kati ya Bunge linalotunga sheria na mwananchi anayehukumiwa kwayo, kuna kiti ambacho hakina mtu. Kiti hicho kina jina. Ni kiti cha mkutubi wa sheria.

Najua wasomaji wangu wengi wakisikia neno mkutubi huona mtu anayegonga mihuri kwenye vitabu na kuwanyamazisha wanafunzi. Wanasheria wenzangu wenye vyeo hawana picha iliyo bora zaidi. Basi niseme kazi yenyewe ni ipi. Sheria si kitabu kimoja kilichotulia. Bunge hupitisha sheria, kisha huirekebisha kwa sheria nyingine yenye jina lisiloashiria chochote, zile tunazoziita za marekebisho mbalimbali, ambamo ukurasa mmoja hugusa ardhi na unaofuata hugusa bima. Waziri hutunga kanuni, zikatoka kama Tangazo katika Gazeti la Serikali. Mahakama Kuu hutangaza kifungu kuwa batili, Mahakama ya Rufani ikathibitisha, na kitabu kilichoko rafuni kikaendelea kusomeka vilevile, kana kwamba hakuna kilichotokea. Mkutubi wa sheria ndiye anayejua, siku hiyo unapouliza, ni ipi iliyo hai na ipi iliyokufa, ipi imehamia wapi, na hukumu gani imetenguliwa na hukumu gani. Asipokuwapo, kila mtu huamini karatasi aliyonayo.

Wanasheria tuna hata msemo wa Kilatini kwa ajili ya hukumu iliyotolewa bila jaji kuonyeshwa sheria iliyokuwapo. Hukumu ya namna hiyo haitulazimishi kuifuata. Tunaufundisha msemo huo mwaka wa kwanza kwa madaha makubwa. Hatuwaambii wanafunzi kwamba nyuma ya kila hukumu ya aina hiyo kuna ukurasa ambao haukufika mezani kwa wakati wake, na kwamba kuufikisha ukurasa mezani ni kazi ya mtu mwenye mshahara, au asiye nao.

Nitatoa mfano ambao kila mzazi wa Tarime anaweza kuupima. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika vifungu vya 13 na 17, iliruhusu msichana wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Mwaka 2016, katika shauri la Rebeca Gyumi, Mahakama Kuu ilisema vifungu hivyo vinakiuka Katiba. Serikali ikakata rufaa, na tarehe 23 Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaikataa rufaa hiyo. Bunge lilipewa mwaka mmoja kurekebisha. Mwaka ukapita, na mwingine, na mwingine tena, vifungu vikiendelea kusomeka vilevile katika nakala zinazouzwa. Sasa mfikirie afisa ustawi wa jamii, au msaidizi wa kisheria wa kijijini aliyesajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, anayebishana na baba aliyekwisha pokea ng’ombe wa mahari. Baba anafungua kitabu cha Serikali, chenye nembo ya Taifa, na kusoma: miaka kumi na mitano. Kitabu kinamuunga mkono. Katika maktaba yoyote ya sheria yenye mkutubi anayejiheshimu, ukurasa ule ungekuwa na kikaratasi kilichobandikwa pembeni: tazama hukumu ya 2019. Kikaratasi hicho hakigharimu shilingi mia. Mtu wa kukibandika ndiye tusiyetaka kumlipa.

Hapa najua nitajibiwa kwamba zama za vikaratasi zimepita. Nimelisikia jibu hilo kwenye vikao, na kila anayelitoa huinua simu yake kama ushahidi. Tuna TanzLII, wanasema. Hukumu zote ziko bure mtandaoni. Maktaba ya nini tena?

TanzLII ni moja ya mambo mema ambayo Mahakama yetu imeyafanya katika kizazi hiki, na sitaki mtu anisome vibaya. Sisi tuliosoma sheria katika miaka ambayo ripoti za hukumu za Tanzania zilikuwa zikikatika, mwaka huu juzuu lipo, mwaka ule halipo, tunajua njaa ile ilivyokuwa. Kulikuwa na mawakili wakubwa ambao nusu ya ukubwa wao ilikuwa ni kabati la hukumu zisizochapishwa, ambazo wapinzani wao hawakuwa nazo. TanzLII imelivunja kabati hilo. Wakenya nao wana Kenya Law, chombo kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na atakayeuliza kwa nini hukumu za Nairobi zinanukuliwa sana katika kanda hii ajue kwamba sababu mojawapo ni kuwa zinapatikana zikiwa zimepangwa na watu wanaolipwa kuzipanga.

Hilo neno la mwisho ndilo hoja yangu. Hakuna hukumu iliyowahi kupanda yenyewe mtandaoni. Kuna mtu aliyeipokea, akaangalia namba ya shauri, akagundua kwamba jina la mdaawa limekosewa, akaificha sura ya mtoto aliyebakwa kwa kufuta jina lake, akaiweka mahali pake. Mtu huyo ni mkutubi wa sheria hata kama barua yake ya ajira inamwita jina jingine. Tunaposema simu imeiua maktaba, maana yake hasa ni kwamba tumemhamishia mkutubi nyuma ya pazia, tukaacha kumwona, na tusichokiona hatukipangii bajeti.

Na upande wa pili wa simu kuna msomaji. Ukiandika neno “mpaka” au “mirathi” kwenye kisanduku cha kutafutia, utapata machache, kwa kuwa sehemu kubwa ya hukumu zetu imeandikwa kwa Kiingereza. Ukipata hukumu, haitakuambia kama ilitenguliwa mwaka uliofuata. Mjukuu wa yule mzee ana simu nzuri. Ndiye aliyeitafuta ile sheria ya 2002, akaipata, akaipeleka steshenari ikatolewa fotokopi. Teknolojia ilifanya kazi yake bila kasoro. Ilimfikishia babu yake karatasi mfu kwa kasi kubwa.

Kuna na hii mashine mpya ya kuandika, akili mnemba, ambayo wanafunzi wangu wanaitumia wakidhani sijui. Mwaka 2023 huko New York mawakili wawili waliwasilisha mahakamani hoja zenye hukumu zilizobuniwa na mashine hiyo, hukumu ambazo hazijawahi kuwapo duniani, na jaji akawatoza faini ya dola 5,000. Jambo hilo limetokea mahali ambapo chama cha wakutubi wa sheria kimekuwapo tangu mwaka 1906. Sisi tusio na wakutubi tutaligunduaje litakapotokea katika mahakama ya wilaya, mbele ya hakimu mwenye majalada mengi na intaneti ya kubahatisha?

Turudi kwa mkutubi mwenyewe, maana katika mijadala ya haki kila mtu hutajwa isipokuwa yeye. Nimefanya kazi na wakutubi wa sheria kwa miaka mingi katika vyuo zaidi ya kimoja. Wengi wao walitoka Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi cha Bodi ya Huduma za Maktaba, wengine Mlimani. Sheria yenyewe walijifunza kazini, usiku, kwa bidii yao, kwa kuwa wasomaji wao walikuwa wakiwauliza maswali ambayo hayakuwamo katika silabasi. Namkumbuka mmoja aliyeweza kukuambia bila kufungua kitu kwamba Tangazo fulani la Serikali lilichapishwa na makosa na kwamba masahihisho yake yalitoka miezi mitatu baadaye. Maprofesa walimpigia simu usiku. Majaji walituma makarani kwake. Alipostaafu, hakuna aliyeandika sentensi moja ya kumshukuru katika vitabu vilivyotokana na kumbukumbu zake, na mimi ni miongoni mwa ambao hawakuandika.

Nikiri na jingine. Niliwahi kukaa katika kikao cha idara ambamo karani aliyekuwa akilewa kazini alijadiliwa, na uamuzi ukawa apelekwe maktaba. Sikupinga. Ilionekana jambo la kawaida, kwa sababu ni la kawaida: maktaba ndiyo Siberia yetu. Anayegombana na mkuu hupelekwa huko, mgonjwa hupelekwa huko, anayesubiri kustaafu hupelekwa huko. Kisha tunashangaa kwamba mkutubi aliyesomea kazi yake, akikuta amewekwa kundi moja na walioadhibiwa, anaanza kutafuta kazi benki.

Siku yake huendaje? Anafika asubuhi anakuta printa imekwama, na kwa kuwa printa iko maktaba, printa ni yake. Anaombwa funguo za ukumbi. Anaagizwa aandae chai ya wageni wa ithibati, wale wanaokuja kukagua kama kitivo cha sheria kina maktaba inayostahili, na baada ya wageni kuondoka na tiki zao, fedha za kununulia matoleo mapya hukatwa ili kulipia mafuta ya gari. Hakai katika kamati inayoamua vitabu gani vinunuliwe, hupewa orodha. Mwezi Aprili 2025 Rais alizindua Toleo la Urekebu la Mwaka 2023 la Sheria zetu, lililoanza kutumika Julai mwaka huo, na baadhi ya vifungu tulivyovikariri kwa miongo vimebadilika namba. Ni kazi kubwa ya Taifa na ilikuwa imechelewa mno, kwa kuwa toleo kamili lililotangulia lilikuwa la 2002. Lakini toleo jipya maana yake ni kwamba kila mwongozo, kila fomu, kila orodha ya maktaba iliyotaja kifungu kwa namba inahitaji kupitiwa upya. Waliopewa kazi hiyo, pale ilipopewa mtu, ni wakutubi. Sijasikia mahali waliongezewa hata msaidizi.

Tena wanabeba mzigo wa dhamiri ambao sisi hatuubebi. Sheria ya Mawakili inamkataza asiye wakili kufanya kazi ya uwakili, na ni sawa. Tunajua madhara ya mawakili vishoka wanaonyemelea watu nje ya mahakama. Basi mkutubi anaruhusiwa kukuonyesha kifungu, haruhusiwi kukuambia ukitumieje. Mama mjane anasimama mbele yake, shamba limechukuliwa na ndugu wa marehemu, anauliza: “Nifanye nini, mwanangu?” Mkutubi anajua jibu. Anajua hukumu ya Jaji Mwalusanya, iliyotolewa Mahakama Kuu Mwanza mwaka 1990, iliyosema kwamba mila ya Kihaya ya kumnyima mwanamke haki ya kuuza ardhi ya ukoo haiwezi kusimama mbele ya Katiba. Anaweza kumpa hukumu ile, ambayo mama hawezi kuisoma, na kunyamaza. Au anaweza kumweleza, na kuvuka mstari. Nimewaona wakutubi wakivuka mstari kwa kunong’ona. Anayetaka kuwashtaki atangulie kunishtaki mimi, kwa maana mimi ningelisema kwa sauti.

Sasa, kwa nini Nyamwaga? Kwa sababu pale ndipo yalipo makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Tarime, na kwa sababu sijui mahali pengine vijijini katika nchi hii ambapo sheria imewaangukia watu kwa uzito kiasi kile. Nyamongo ni jirani. Mgodi wa North Mara uko pale. Fidia, uthamini wa mazao na nyumba, mipaka ya leseni, wachimbaji wadogo, wanaoitwa wavamizi, polisi wanaolinda mgodi: hakuna hata moja kati ya hayo ambalo si swali la sheria. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999, Sheria ya Madini, sheria za utwaaji ardhi, kanuni za fidia, na juu ya hizo sheria ndogo za Halmashauri yenyewe, zinazotungwa na madiwani, kuidhinishwa na Waziri na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Muulize mama anayetozwa ushuru kwenye gulio sheria ndogo inayomtoza inasomeka wapi. Atakuonyesha mtu mwenye kitabu cha risiti.

Angalia kinachotokea watu hao hao wanapopelekwa mbali. Mwaka 2013 wanakijiji wa eneo la mgodi waliishtaki kampuni ya African Barrick Gold katika Mahakama Kuu ya Uingereza, kuhusu vifo na majeraha ya risasi. Shauri likamalizwa kwa makubaliano mwaka 2015. Mwaka 2022 wengine wakaishtaki Barrick yenyewe huko Ontario, Kanada. London wakili akitaka kitu ana maktaba za Inns nne za mawakili, zenye wakutubi wa sheria waliobobea. Toronto kuna Maktaba Kuu katika jengo la Osgoode Hall, na kuna CanLII, inayogharimiwa na vyama vya wanasheria wa nchi nzima. Yaani mkazi wa Nyamongo alipata kwanza huduma ya mkutubi wa sheria alipovuka bahari, kwa mlango wa nyuma, kupitia kwa wakili wake.

Mwezi Novemba 2024 jaji wa Ontario akalitupa shauri lile. Alisema mahakama yake haina mamlaka nalo na kwamba Tanzania ndiyo mahali panapofaa kulisikiliza. Mimi si wa kubeza mahakama za kwetu; nimefundisha watu wanaokaa kwenye viti vyake. Lakini ikiwa dunia inatuambia kwamba kesi hizi ni za hapa, basi hapa pawe na vitendea kazi vya kesi. Rejea sahihi za sheria ni kitendea kazi, kama meza na umeme. Hukumu ya Ontario yenyewe, inayowahusu watu wa pale, naweza kuifungua kutoka ofisini kwangu kwa dakika moja. Nyamwaga hakuna ofisi ambayo mwananchi anaweza kuingia akaomba kuisoma na kuelezwa kwa Kiswahili ilisema nini.

Na Kiswahili kina historia yake katika kona hii. Tarehe 1 Februari 2021, Siku ya Sheria, Rais Magufuli alitangaza pale Dodoma kumpandisha Jaji Zephrine Galeba kuwa Jaji wa Rufani, akitaja kwamba aliandika hukumu kwa Kiswahili alipokuwa Mahakama Kuu Musoma. Hukumu ile ilikuwa ya shauri lililohusu mgodi huo huo wa North Mara. Baadaye mwaka huo Sheria ya Tafsiri ya Sheria ikarekebishwa, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Tulishangilia, na nilishangilia pamoja na wengine. Lakini lugha haihami kwa tamko. Fungua orodha ya maktaba yoyote ya sheria nchini uone vichwa vya mada: vyote Kiingereza. Mfumo wa Dewey unaiweka sheria kwenye namba 340, na namba haina lugha, lakini maneno yanayompeleka msomaji kwenye namba hiyo yana lugha. Nani ataandaa faharasa ya Kiswahili ya hukumu zetu, inayomtoa mtu kwenye “mlima wa ukoo” au “ng’ombe wa mahari” na kumfikisha kwenye hukumu yenyewe? Jaji hana muda huo. Baraza la Kiswahili halisomi majalada. Ni kazi ya mkutubi wa sheria anayejua lugha zote mbili na, kwa Tarime, anayesikia Kikuria na Kijaluo pia.

Nitaambiwa fedha hakuna, kwamba kuna zahanati zisizo na wauguzi na shule ambazo watoto wanakaa chini. Hoja hii ingenitisha kwingine. Haiwezi kunitisha Tarime. Sheria ya Madini, baada ya marekebisho ya 2017, inamtaka mwenye leseni kuandaa kila mwaka mpango wa wajibu wake kwa jamii na kukubaliana na halmashauri ya mahali. Fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati, na zijenge zaidi. Mshahara wa mkutubi mmoja, makabati mawili, kompyuta, nakala moja ya Toleo la Urekebu na mashine ya fotokopi haitaonekana hata kwa kurunzi katika mpango huo. Kuna chumba? Halmashauri yenye makao mapya haikosi chumba. Na nasema makusudi fedha zipitie halmashauri, mwajiriwa awe wa umma na aripoti kwa umma, kwa sababu baadhi ya watakaomjia watakuwa na madai dhidi ya mgodi, na wengine dhidi ya halmashauri yenyewe. Kama kuna anayeona hilo ni sababu ya kutomwajiri, aseme hivyo hadharani, asitaje madawati.

Tatizo letu tunapenda jengo kuliko mtu. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa maktaba mpya, kwa msaada wa China. Ni nzuri mno, nami hupenda kukaa ghorofa ya juu nikitazama miti. Mwaka 2021 vikazinduliwa vituo jumuishi sita vya utoaji haki katika miji mikubwa. Ni vizuri pia. Lakini Kitivo cha Sheria, kilichokuwa cha kwanza katika chuo kile, kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU pale Lumumba, na wanafunzi wachache na vitabu vya kuungaunga, na kikatoa majaji wa nchi tatu. Walikuwapo watu waliojua kila kitabu kilipo. Nyamwaga haihitaji ghorofa. Inahitaji huyo mtu.

Serikali inatuambia, na Kanuni ya Adhabu imeandika, kwamba kutojua sheria si utetezi. Naikubali kanuni hiyo, na nimeifundisha. Lakini kanuni hiyo inadai kitu kutoka upande wa pili pia: anayekataza kisingizio cha kutojua awajibike kuweka mahali pa kujulia. Wajumbe wa lile baraza walikuwa maofisa wa umma kwa namna yao, waliokaa kwa jina la sheria, na hakuna aliyewaletea ukurasa. Walioupitisha ukurasa ule Dodoma walidhani ukishapigiwa kura umefika.

Niliporudi kazini nilimtumia mzee nakala ya marekebisho ya 2021, pamoja na maelezo ya ukurasa mmoja kwa Kiswahili, kwa basi, ndani ya bahasha mpya. Amefungua shauri upya katika baraza la wilaya. Juma lililopita alinipigia kutoka simu ya mjukuu wake; shauri limepangiwa tarehe. Hakuniuliza kama atashinda. Aliuliza kama zile karatasi nilizompa bado ziko hai, au kuna nyingine zimetoka tangu siku ile. Nilimwomba asikate simu, nikafungua kompyuta, nikaangalia kwanza ndipo nikamjibu.